Bakuli la Thoa

Hue, siku ya sita, mwezi wa sita, mwaka wa Nyani

Mtukufu Binti wa Tano wa Mfalme Mkuu,

Kopo hili lina chai iliyolazwa usiku kucha ndani ya mayungiyungi mia moja na ishirini yaliyofungwa kwa uzi. Mvua ilipiga jana jioni, mayungiyungi mengine yakalowa, na chai yake nimeimwaga. Barua iko chini kabisa, ndani ya jani, kama tulivyozoea mwaka huu mzima. Yaya wako, Bibi Dao, ananiambia kila akilipokea kopo langoni hujisikia kama mwizi wa kuku, na kwamba akikatwa kichwa kwa sababu yangu atanirudia kila ninapokaa kula. Nimemwambia shingo yake ni ngumu, panga ndilo litakalopata hasara. Alicheka, halafu akanipiga kwa upepeo.

Naandika kukujulisha kwamba tarehe kumi na nne sitakuwa ziwani. Ni siku aliyofariki mke wangu, Thoa. Huu ni mwaka wa tatu. Siku hiyo mpishi ni mimi. Mama hutaka kusaidia, simruhusu, kwa sababu hutia chumvi kidogo mno, na Thoa alipenda chumvi. Nitapika wali wa kome wa mtoni na pilipili nyingi. Thoa alikuwa anakula pilipili mpaka machozi yanamtoka, kisha anasingizia moshi wa jiko. Nitaandaa sinia, niweke bakuli lake na vijiti vyake vya kulia, niwashe udi, nimwite aje. Udi ukikaribia kwisha nitarusha sarafu mbili kumuuliza kama ameshiba. Zikianguka moja uso na nyingine mgongo, ameshiba. Zikifanana, bado. Mwaka jana nilirusha mara tano. Mama akasema, "Hata alipokuwa hai, Thoa alimaliza kula watu wameshaosha vyombo."

Tarehe kumi na tano alfajiri nitakuwa kwenye mtumbwi wangu. Usikasirike kwa siku moja.

Mfunga maua wako,
Khoan


Ndani ya kasri, siku ya saba, mwezi wa sita

Khoan,

Mara nne. Umeandika jina lake mara nne katika barua moja, nimehesabu kwa kucha. Langu hujaliandika hata mara moja tangu tuanze. Mimi kwako ni namba. Binti wa Tano, kama kopo la tano kwenye rafu.

Najua utasema ni mwiko, mtu wa kawaida haandiki jina la mtoto wa Mfalme Mkuu. Lakini baba yangu hakai ndani ya kopo la chai.

Nataka kujua mambo. Alikuwa mrefu? Alikuwa na mikono mizuri? Alifunga maua vizuri kuliko mimi? Hilo la mwisho nijibu kweli, mengine unaweza kunidanganya.

Unajua mimi ninavyokula? Wanaleta sahani thelathini na tano. Matowashi wawili wanaonja, wanawake sita wanasimama ukutani wakitazama mdomo wangu. Hakuna anayekaa. Tangu nikiwa na miaka sita hakuna mtu aliyekaa nami kula. Yeye amekufa miaka mitatu na bado ana bakuli lake, ana vijiti vyake, ana mtu wa kumwongezea pilipili na wa kumuuliza kama ameshiba. Mimi niko hai, na swali hilo sijawahi kuulizwa.

Bibi Dao alinikuta naisoma barua yako mara ya tatu. Akasema, "Mwanangu, unamwonea wivu maiti?" Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Nanyamaza. Ila ujue maiti ni mke mwenza mbaya kuliko wote. Hazeeki, wala hakoromi."

Usiende nyumbani tarehe kumi na nne. Siamuru. Naomba.

Uyen
(Hivi ndivyo linavyoandikwa, kama ulikuwa hujui.)


Ziwani, siku ya tisa, mwezi wa sita

Mtukufu Binti wa Tano,

Jina lako nalijua. Huwa nalitamka katikati ya ziwa, mahali ambapo wanaosikia ni bata peke yao. Kuliandika siwezi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kijiji. Alipokwenda kufanya mtihani wa ukarani alijisahau akaandika neno ambalo ni jina la mtu wa ukoo wenu. Walimchapa uwanjani mbele ya wanafunzi wake, na hakushika kalamu tena mpaka alipokufa. Ndiyo maana mimi ni mfunga maua, na ndiyo maana mwandiko wangu ni huu unaouona. Alinifundisha kwa kijiti, mchangani.

Sasa majibu yako. Alikuwa mfupi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya magamba ya kome na harufu ya vitunguu, ndiyo maana sikumruhusu kugusa chai. Maua alifunga vibaya, alikaza mno, asubuhi tukifungua petali zinachanika. Wewe, siku ile ya kwanza ulipokuja kwenye banda la ziwani na wanawake wako, ukaniomba uzi, ulifunga ua moja kwa muda ambao mimi nafunga thelathini. Halafu ukasema, "Hili ni langu, usimpe mtu." Chai ya ua lile bado ninayo, kwenye jani, juu ya boriti.

Lakini nyumbani nitakwenda. Yeye anakula mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote ni zako.

Khoan


Ndani ya kasri, siku ya kumi na moja, mwezi wa sita

Khoan,

Amri imetoka. Bibi yangu, mama yake Mfalme Mkuu, anataka chai iliyolazwa kwenye maua jioni ya tarehe kumi na nne na kuchumwa alfajiri ya kumi na tano, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu maua hunukia zaidi. Ni mgonjwa, na hatamani kitu kingine. Amri ina mhuri. Mfunga maua asipoonekana atafungwa.

Usiniulize ni nani aliyemwambia habari za mwezi. Siku zako nyingine zote hazinitoshi.

Uyen


Ziwani, siku ya kumi na tano, mwezi wa sita

Mtukufu Binti wa Tano,

Nimetii. Hili ni kopo la Bibi yako, maua mia mbili.

Kijiji chetu ni mwendo wa nusu siku, kwa hiyo nyumbani sikufika. Mama alituma mtu kusema ataandaa yeye, lakini namjua Thoa, angekaa pale ananingoja mimi, nikaagiza niletewe bakuli lake. Basi nilipika ufukweni kwenye kijungu, nikalipandisha bakuli kwenye mtumbwi, nikaliweka mbele kabisa na udi mmoja nimeuchomeka katikati ya wali. Nikamwambia, "Leo tunakula majini, mke wangu. Utanisamehe." Udi uliwaka huku mimi natia chai ndani ya maua na kufunga, ua baada ya ua. Sarafu sikurusha, niliogopa zingetumbukia. Kwa hiyo sijui kama alishiba.

Sijakukasirikia. Nimechoka tu. Mwaka jana, tukiwa bandani, uliniuliza kama mwezi unaongeza harufu ya maua. Nilikujibu kwamba ua halijui kama kuna mwezi. Ulicheka sana.

Khoan


Ndani ya kasri, siku ya kumi na sita, mwezi wa sita

Khoan,

Bibi Dao anakuletea hii ndani ya kifurushi cha wali. Amewahonga walinzi kwa maneno matamu, anasema bado anayo machache.

Najua wamekukamata jana mchana na hawakukuambia kosa lako. Ni hili. Bibi yangu alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Nani ameanza kunifanyia matanga? Mimi bado nipo." Chai ilinuka udi. Siyo udi wa chumbani, ni ule wa sinia la marehemu, kila mtu anaujua. Daktari akanusa, towashi mkuu akanusa, wote wakapiga magoti. Kumpa mama wa Mfalme chai ya wafu ni kumtakia kifo. Towashi mkuu anataka kichwa chako.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba chai hunyonya kila harufu, kwamba aliyekula kitunguu asikaribie kopo. Mke wako hukumruhusu kuigusa. Ulisahauje, Khoan?

Najua ulisahauje. Nilikupeleka pale mimi.

Usimtaje Thoa. Usiseme lolote. Ningoje.

Uyen


Nyumba ya walinzi, siku ya kumi na nane, mwezi wa sita

Mtukufu Binti wa Tano,

Sijasema lolote. Wakiniuliza nasema sijui. Lakini na wewe nakuomba usiseme. Kosa ni la mkono wangu. Miaka kumi na mitano sijawahi kuwasha hata tumbaku kwenye mtumbwi, na siku ile niliwasha udi nikauona kama kitu cha kawaida, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye lile bakuli. Ukijitokeza wataanza kuuliza binti wa Mfalme anamjuaje mfunga maua. Watafungua makopo yote.

Nina jambo jingine, na naona aibu kuliandika. Kuna mlinzi mmoja hapa, Bay, mtu wa soga, tunagawana tumbaku. Jana aliniambia, "Unajua kwa nini kasri lote linakimbiakimbia? Mama wa Mfalme akifa hakuna harusi miezi ishirini na saba. Kwa hiyo mabinti wanaozwa sasa hivi, kabla ya msiba. Wa Tano anakwenda Son Tay, kwa mtoto wa jemadari. Jamaa mrefu, mweupe, anapiga zeze."

Nikamuuliza mikono yake ikoje.

Akanitazama. "Mikono? Anayo miwili."

Tangu hapo chakula changu nampa Bay. Nilikuambia usiwe na wivu na mtu anayekula mara moja kwa mwaka. Lilikuwa neno rahisi kwangu, sikuwa nimewahi kukaa upande wako. Sasa namwona huyo wa zeze akiingia chumbani kwako wakati wa chakula, na wale wanawake sita wanatoka. Yeye ataruhusiwa kukaa. Fimbo nitazistahimili, na panga pia nadhani, maana ni mara moja. Hilo la yeye kukaa silistahimili.

Nisamehe. Usiseme lolote.

Khoan


Ndani ya kasri, siku ya ishirini na tano, mwezi wa sita

Khoan,

Utakuwa umefika kwa mama yako. Fimbo thelathini, na marufuku kulikaribia ziwa maisha yako yote. Bibi Dao anasema ulitoka langoni kwa miguu yako mwenyewe, na kwamba ulimwuliza kama amekula. Alilia njia nzima kurudi, huku akikutukana.

Nilisema. Nilimwambia baba kwamba udi ulikuwa wangu, niliuwasha chumbani kumwombea Bibi afya, na kopo lilikuwa wazi pembeni. Hakuna aliyeamini. Baba aliagiza ile chai yote iliyobaki ipikwe, akasema, "Kama ni ya kuombea afya, basi kunywa." Nikanywa vikombe vinane mbele yake. Alinitazama mpaka cha mwisho. Hakuuliza ni nani ninayemkinga, nadhani aliogopa jibu. Akasema tu, "Tarehe tatu mwezi ujao utaolewa Son Tay." Nikainama. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kichwa chako, kwa hiyo usiniambie kwamba nilikuwa na njia nyingine. Wala usinishukuru. Amri ya tarehe kumi na nne niliipika mimi. Nilimdanganya mwanamke mgonjwa habari za mwezi, kwa sababu nilitaka Thoa alale na njaa siku moja. Siku moja tu, nijue kama ukilazimika kuchagua, unaniacha mimi au unamwacha yeye. Na hukuniacha mimi, wala yeye. Ulimbeba mtumbwini.

Nikuambie kitu ambacho hata Bibi Dao hajui. Kile kikombe cha nane nilikinywa polepole. Kilikuwa na udi, na yungiyungi, na kwa mbali, pengine nilidhani tu, pilipili. Nilikuwa nakunywa sehemu yake. Ndicho chakula pekee nilichokula na mtu tangu utotoni, na nilikula na yeye, siyo na wewe. Nilitaka kucheka mbele ya baba.

Sasa ombi. Nikifa, watu wa Son Tay wataniwekea sinia kubwa na hawatajua napenda nini. Sitaki lile. Nataka bakuli moja nyumbani kwako, pembeni ya lake, na lisiwe kubwa kuliko lake. Lakini muulize yeye kwanza, kwa sarafu zako. Ana haki ya kukataa. Akikataa, usimbembeleze.

Usijibu. Hakuna kopo tena la kurudisha.

Uyen


Kijijini, siku ya kumi na nne, mwezi wa sita, mwaka wa Jogoo

Uyen,

Nimeliandika. Mwanzoni nilijaribu kwa kijiti, mchangani, halafu ikawa kama kufunga ua, ukishaanza vidole vinajua. Nadhani baba angenitazama kwa muda mrefu, kisha angenirekebisha jinsi ninavyoshika kalamu.

Bibi Dao alilala kwetu jana. Yuko njiani kuja kwako, kwa machela, anawafokea wabebaji kana kwamba amewazaa. Nilimwambia safari ni ndefu kwa umri wake. Akasema, "Nikifia njiani nitakuja kula kwako. Na mimi sipendi kome, kwa hiyo jiandae." Ndiye atakayekupa kopo hili.

Huku watu bado wamefunga vitambaa vyeupe vya msiba. Bibi yako alifariki mwaka jana, siku sita baada ya harusi yako, wewe ukiwa barabarani. Naambiwa siku zake za mwisho alikuwa akiomba chai, na waliyompa aliikataa akisema haina harufu ya kitu chochote.

Ziwani siendi. Mgongo umepona, ila mvua ikikaribia unaniambia kabla ya mawingu. Mama alinipa mitungi yake mitano ya maji, nikapanda mayungiyungi humo uani. Mwaka huu yametoka maua kumi na moja. Majirani wanasema nimerukwa na akili, mtu mzima anachutama mbele ya mtungi jioni na uzi mdomoni.

Leo ni siku ya Thoa. Nimepika, nimeandaa, nimewasha udi. Alipokwisha kula, sarafu zikaniambia ameshiba, nilipozirusha mara moja tu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Basi nikamweleza habari zako. Nilimweleza yote, hata ile amri, sikuficha. Nikamuuliza kama atakubali bakuli la pili pembeni yake. Nikarusha. Zikafanana. Nikarusha tena. Zikafanana.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Akasema, "Mwanamke gani mwenye akili timamu angekubali mara ya kwanza?"

"Ni mara ya pili, mama."

"Hata ya pili."

Uliniambia nisimbembeleze. Sikumbembeleza. Niliongeza pilipili kwenye bakuli lake, nikarusha mara ya tatu. Moja uso, moja mgongo.

Bakuli lako nilishalinunua. Ni jeupe, dogo kuliko lake kwa unene wa kidole. Nilipolinyanyua kuliweka kwenye sinia mama alinishika mkono. "Huyo mtoto yuko hai. Unamwita kwa udi? Unataka kumzika?" Nilikuwa nimesahau tena, Uyen, kama nilivyosahau kwenye mtumbwi. Nikalirudisha rafuni, nikaligeuza chini juu. Likae hapo lishike vumbi miaka mingi.

Badala yake nilivuta kigoda nikakiweka ng'ambo ya sinia, mbali na moshi, nikamimina kikombe kimoja cha chai. Mtu aliye hai anakaribishwa hivyo. Nikakaa. Nikala. Nilipomaliza nikakuuliza kama umeshiba. Chai yako ilipoa, nikainywa mimi.

Bibi Dao amesikia kwamba mumeo ni mpole, na kwamba mnakaa pamoja mkila. Nilitaka nifurahi. Nimefurahi kidogo, sehemu nyingine inakuja polepole. Sikumuuliza kuhusu mikono. Mwambie tu asile kitunguu karibu na kopo hili.

Ndani yake kuna chai ya maua yangu kumi na moja, na kwenye jani, peke yake, ile ya ua ulilofunga mwenyewe. Haina udi, nimeinusa mara nyingi. Barua hii ichome ukishaisoma, kwa sababu ya jina lililo juu. Kisha chemsha maji, ukae, unywe, na unikumbuke.

Khoan